Mwenye Nguo Mbili

Katika siku za Majilio, Mama Eklezia huwapeleka watoto wake jangwani wamsikilize Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Yafaa kutazama ni nani waliomwendea. Mwevanjili Luka ataja makutano ya watu, halafu watoza ushuru, halafu askari. Nao wote waliuliza neno moja: wafanye nini? Yoane hakuwaagiza wahamie jangwani wala wale nzige kama yeye. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Mtoza ushuru asizidishe kipimo. Askari asimnyang'anye mtu, asimsingizie, aridhike na mshahara wake.

Maneno hayo yangaliweza kusemwa Lokandu, kando ya Lualaba. Zamani, katika karne ya 19, mahali hapo paliitwa Riba-Riba, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Baadaye, katika utawala wa Wabelgiji, palikuwa na kambi ya Force Publique. Watu wa huko basi wawafahamu vema wote watatu: raia, mtoza ushuru na askari. Hata Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ile. Lugha iliyowaamuru wapagazi kubeba mizigo ndiyo ambayo Wakristu husalia leo Baba Yetu. Mungu hakuona haya kupita njia hiyo, kama vile hakuona haya kuzaliwa katika hori ya wanyama.

Wengi hungoja Noeli kwa kutafuta kitenge kipya, na hilo si dhambi. Lakini Yoane anasema habari za nguo ya pili, si habari za nguo iliyoraruka. Kumpa maskini kitu kilichochakaa ni kusafisha sanduku tu. Baba wa mbinguni hakuwapa watu masazo yake, aliwapa Mwana wake wa pekee. Mjane ambaye nyumba yake inavuja katika mvua za Desemba hana haja ya maneno matamu. Ana haja ya kijana mwenye panga aende kukata majani ya kuezekea. Mwenye mchele na mawese apime kikombe kimoja kabla chungu hakijainjikwa motoni, asingoje kuona kitakachobaki. Mara nyingi hakibaki kitu.

Tena upendo hauwezi kuruka juu ya haki. Mtu mwenye bunduki akichukua mihogo ya mama njiani, kisha Dominika akatia sehemu ya faida katika sahani ya sadaka, hakutoa chochote: mama yule ndiye aliyetoa, bila kuulizwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye duka anayepunguza kipimo cha chumvi, na kwa mwenye mtumbwi anayepandisha nauli kwa sababu mgonjwa hawezi kungoja. Hao warudishe kwanza.

Lakini liko jambo zito kuliko mchele na kitenge, nalo ni kumsamehe adui. Katika mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, Kongo ya mashariki ilijaa damu, na Kindu nayo ilitekwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, katika juma la kwanza la Majilio, aliuawa huko Isiro Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu, mwenyeji wa Wamba. Hakutimiza bado miaka 25. Alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi, na kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Hakuwa na nguo ya pili wala chakula cha kugawa saa ile. Alikuwa na msamaha, akaugawa kwa mtu ambaye hakuuomba.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri mjini Kinshasa. Mwuaji alikuwa hai bado. Mbele ya umati ule mkubwa Papa alisema kwamba yeye naye, kwa jina la Eklezia yote, anamsamehe mtu huyo kwa moyo wake wote.