Deni Lisilo na Siku ya Mwisho

Msibani, kabla ya maziko, msemaji wa familia hutangaza: anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aje aonane na ndugu. Hapa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, hakuna anayelishangaa tangazo hilo. Wala hakuna anayetarajia ndugu wakae mkekani miaka yote wakimngoja mdai asiyejulikana. Matanga huanuliwa, watu wakarudi mashambani.

Injini za kanuni, kama Drools, hupokea matangazo ya aina hiyo usiku na mchana. Kanuni moja yaweza kusema: mteja akibadilisha laini ya simu, kisha akahamisha fedha nyingi, piga kengele. Tukio la kwanza likiingia, injini hulishika ikingoja la pili. Algoriti ya Rete, aliyoibuni Charles Forgy miaka ya 1970, hupata kasi yake kwa kutunza hata hesabu iliyofika nusu. Kanuni ikisema "ndani ya saa 24", injini inaweza kujua lini iachilie. Isiposema, tukio hubaki, na mfagiaji wa Java halizoi kitu ambacho bado kimeshikwa. Mwishowe seva huelemewa na watu ambao hawakufanya lolote ila kubadilisha laini.

Mafundi huita hali hiyo uvujaji wa kumbukumbu. Jina linapotosha, maana hakuna kilichotoka. Kila kitu kimebaki ndani. Ili kuupata, fundi huhesabu vilivyomo kwenye kumbukumbu, hungoja, huhesabu tena, hutazama aina inayoongezeka bila kupungua, kisha hufuata mkono ulioishika hadi kwenye kanuni.

Swali langu ni hili: anayeagiza jambo likumbukwe, anawiwa pia kusema likumbukwe hadi lini?

Kuna pingamizi la haki. Ukiweka saa 24, mwizi mvumilivu atakuja saa ya 25. Ni kweli. Kila kikomo kina hasara, na anayekiweka lazima akubali kuibeba. Lakini asiyekiweka hajaikwepa. Atanunua kumbukumbu zaidi, ambayo ni kuahirisha. Au ataizima seva na kuiwasha upya kila usiku, na hapo husahau yote kwa pamoja: mwizi wa dakika tano zilizopita na bibi aliyepoteza simu mwezi jana. Huko si kusamehe, kwa kuwa anayesamehe anajua anachokiachilia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Wengi huisoma kama habari ya makabati na mafaili. Mimi naisoma pia kama agizo kwa mwandishi wa kanuni, siku anapoiandika, kabla mashine haijajaa. Mtu aliyeshukiwa kwa nusu ya jambo ana haki ya kujua kwamba nusu hiyo ina siku yake ya kufa.