Si Aibu Kurudi

Neno la kutafakari: Yeremia 31:21



Katika neno hili nabii awaagiza watu waliochukuliwa mbali na kwao waweke alama njiani, na kuikumbuka njia waliyoipita, ili wapate kurejea. Tumelisoma neno hili tangu siku za seminari, na mara mbili tatu tumelihubiri. Lakini twakiri mbele yenu ya kuwa hatukulifahamu vema mpaka tulipokwenda kwa miguu siku nne katika milima ya Norwei.

Tulikuwa wageni wa Wakristo wa nchi ile, sisi na mwinjilisti mmoja kijana. Mikutano ilipokwisha wenyeji wetu walituambia, "Sasa nendeni milimani mkapumzike." Tukauliza, "Kiongozi wetu ni nani?" Wakacheka, wakasema, "Hakuna." Wakatupa ramani, dira, na ufunguo mmoja wa kufungulia nyumba za wasafiri zisizo na mlinzi; kisha wakatufundisha jioni moja jinsi ya kuvitumia.

Jambo hili lilitushangaza. Sisi tu watu wa Kilimanjaro, na kwetu mgeni hapewi ruhusa ya kupanda pasipo kiongozi mwenye kibali, nao wapagazi humchukulia mizigo. Lakini huko wazee kwa vijana, baba na mama pamoja na watoto wao, hujitwika shanta mgongoni, huenda wenyewe milimani siku tatu, nne, hata juma zima, nao huona ni raha. Tukasema mioyoni mwetu, "Ni mapumziko ya namna gani haya?"

Basi tulikwenda Rondane. Mahali hapo ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya Norwei, iliyowekwa mwaka 1962. Huko juu hakuna miti. Kuna mawe, na nyasi fupi, na vilele vilivyo wazi, na kulungu wa nchi za baridi ambao huwaona kwa mbali tu, kisha wametoweka. Ukimya wa mahali pale ni mkubwa hata mtu husikia pumzi zake mwenyewe.

Sasa sikilizeni habari ya njia. Katika nchi ile kiko chama cha watembezi wa milimani kilichoanzishwa mwaka 1868. Chama hicho kina nyumba za wasafiri zaidi ya 500, na njia zilizotiwa alama zaidi ya kilomita 20,000. Alama yenyewe ni herufi T nyekundu, iliyopakwa juu ya jiwe au juu ya rundo la mawe. Ukifika penye T moja, wasimama, watazama mbele mpaka uione ya pili, ndipo waenda. Na wengi wa hao wanaozipaka ni watu wa kujitolea, wasiolipwa kitu. Mtu fulani, ambaye hatutamjua kamwe, alichukua kopo la rangi mgongoni, akapiga magoti juu ya jiwe lile, akafanya alama kwa ajili ya mgeni ajaye nyuma yake.

Hapo tulijifunza neno la kwanza: kwenda pasipo kiongozi si kwenda pasipo kuongozwa. Na sisi Wakristo ndivyo tulivyo. Wale waliotufundisha Katekisimo, wengi wamelala makaburini. Mama aliyetufunga mikono ili tuombe hayupo tena. Lakini alama zao zipo, na kila tukifika penye moja twaweza kuiona ya pili, kama tukiinua macho.

Usiku mmoja tulilala katika nyumba isiyo na mlinzi. Tulifungua kwa ufunguo wetu, tukakuta kuni, magodoro, na ghala yenye unga, kahawa na samaki wa kopo. Hapana mtu wa kuuza. Mgeni hutwaa anachohitaji, huandika katika karatasi alichotwaa, naye hulipa kwa uaminifu. Tena kuna kitabu ambamo kila mmoja huandika jina lake, na alikotoka, na anakokwenda, ili akipotea watu wajue pa kumtafuta. Mwinjilisti wetu alihesabu makopo mara mbili asije akaandika pungufu. Sisi tulinyamaza, kwa sababu habari ya hesabu iligusa donda ndani yetu. Mtalisikia baadaye.

Ukutani mlikuwa na kanuni za mlimani. Kila mtoto wa Norwei huzijua. Zilitangazwa kwa nguvu nchini kote baada ya Pasaka ya mwaka 1967, kwa kuwa siku zile watu 18 walikufa milimani. Kanuni hizo ni tisa. Yako maneno ya kupanga safari na kuwaambia watu unakokwenda, na ya kuangalia hali ya hewa, na ya kutumia ramani na dira. Lakini ya nane yasema ya kwamba mtu ageuke mapema, wala si aibu kurudi. Mwinjilisti aliisoma akasema, "Baba Mchungaji, hii ni mahubiri." Nasi tukajibu, "Naam, ni mahubiri mazuri." Tukalala.

Siku ya nne tulitaka kupanda kilele kiitwacho Storronden, chenye mita 2,138. Twaomba mtusamehe kiburi chetu. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima wa mita 5,895 atakiogopa kilima cha namna hiyo? Asubuhi jua liliwaka. Lakini tulipokwisha kupanda zaidi ya nusu, ukungu ulishuka kama blanketi, na mvua nyembamba ikaanza, na mawe yakawa na utelezi. Tulisimama penye rundo moja la mawe lenye T. Mbele hatukuona la pili. Mwinjilisti akasema, "Baba Mchungaji, turudi." Tukamjibu, "Mchungaji harudi katikati ya njia. Tutawaambia nini watu wa nyumbani?" Akasema kwa adabu, "Basi mimi nitangoja hapa penye alama." Tukamwacha, tukaenda mbele.

Tulikwenda hatua mia, labda mia mbili. Ndipo tulipotambua ya kuwa mbele hakuna alama, wala nyuma hakuna, wala kulia, wala kushoto. Kila jiwe lilifanana na mwenzake. Dira tulikuwa nayo mkononi, lakini hatukuwa tumeangalia tulikoelekea tulipoiacha alama. Tuliteleza mara moja, goti likapasuka, na jiwe lililotoka chini ya mguu wetu likaanguka, nasi tukalisikia likianguka kwa muda mrefu. Hapo ndipo hofu ilipotushika. Tulitamani kurudi, wala hatukujua nyuma ni wapi.

Kisha tukasikia sauti. Yule kijana alikuwa akiita penye lile rundo la mawe, tena na tena, "Baba Mchungaji! Nipo hapa!" Hakutufuata, maana angalitufuata tungalipotea wote wawili. Alikaa penye alama, akaita. Tukaifuata sauti kwa mikono na magoti mpaka tulipoliona shati lake. Hakutukemea. Alitupa maji, tukashuka.

Kilele cha Storronden hatukukiona, wala hatujui kinafananaje.

Ndugu wapenzi, wako watu wadhanio ya kuwa arudiye ni mwoga. Je, hamkumbuki habari ya mlima wetu wenyewe? Mwaka 1887 Hans Meyer alipanda Kilimanjaro, akafika kwenye barafu, akaona hana vyombo vya kuikata, akarudi. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller, naye akafika juu. Kama mara ya kwanza angalishupaza shingo, nani angalisikia habari ya mara ya pili? Na yule mwana mpotevu wa Luka 15, sifa yake i katika nini? Si katika mbali alikofika, bali katika siku ile alipogeuka. Hata Luther, alipoziandika zile Hoja 95 mwaka 1517, neno lake la kwanza kabisa lilikuwa juu ya toba, ya kwamba ni kazi ya maisha yote ya aaminiye. Toba si mlango upitwao mara moja; ni kugeuka kila siku, kila mara ukungu ushukapo.

Sasa tuwaambie habari ya lile donda. Miaka mitatu kabla ya safari hii, katika baraza la wazee, tulimkemea mzee mmoja mbele ya wote kwa habari ya fedha za sadaka zilizopungua. Baadaye ilionekana fedha hazikupungua. Kosa lilikuwa la kalamu yetu wenyewe. Tulisahihisha kitabu. Lakini kwake hatukwenda. Tulijiambia, "Mchungaji akiomba radhi, nani atamheshimu tena?" Yeye aliendelea kuja ibadani, akaketi benchi la nyuma, wala hakukaribia tena Meza ya Bwana. Nasi kila Jumapili tulihubiri toba juu ya kichwa chake.

Tuliporudi kutoka Norwei, goti likiwa lingali na kovu bichi, tulikwenda nyumbani kwake jioni. Tulisema, "Mzee wetu, tulikukosea mbele ya watu, na kosa lilikuwa letu. Tumekuja kuomba radhi." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka mitatu ni mingi, Mchungaji." Hatukuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Mkewe akaleta chai, tukanywa kimya. Jumapili iliyofuata tulilikiri jambo hili mbele ya baraza lote, kwa kuwa tulilitenda mbele ya baraza lote. Mzee hajarudi katika baraza, wala hatumshurutishi. Lakini siku ya Meza ya Bwana alitoka katika benchi la nyuma, akaja, akapiga magoti; nasi tulipompa mkate mikono yetu ilitetemeka kuliko ilivyotetemeka katika ukungu.

Basi, wewe usomaye haya, uko wapi sasa? Huenda umeuacha mji wako na mke wako, na kila mwezi wasema utarudi mwezi ujao. Huenda hamsemezani, wewe na ndugu yako, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Huenda wewe ni mwalimu au mzee wa kanisa au mchungaji, na heshima yako yakuzuia. Usiseme, "Nimekwenda mbali mno." Kila hatua uliyokwenda mbele pasipo alama ni hatua moja zaidi ya kurudi, kwa hiyo geuka leo, kabla haijaongezeka. Na kama huioni njia, simama, usikilize. Yuko aliyebaki penye alama, penye msalaba wake, naye hajachoka kukuita kwa jina.

Na wewe uliyekwisha kurudi, kaa penye alama, uite wenzako. Usiwakemee wakifika. Wape maji.

Ee Bwana Yesu Kristo, tulia Wewe uliye njia, utuondolee aibu ya uongo ituzuiayo kurudi, utupe masikio ya kuisikia sauti yako katika ukungu, utufikishe sote nyumbani kwa Baba. Amina.