Mita Kumi na Mbili za Njia ya Watu

Mpwa wangu anafundisha fiqhi, mimi nauza kanga kwa jumla Kariakoo, na kwa muda sasa tuna kesi isiyo na kadhi: je, mtawala ana haki ya kumtoza mtu kwa kusimamisha gari kando ya barabara? Yeye anasema hana. Mimi nasema anayo, ila kwa masharti, na sidhani kama wanaokusanya ushuru wakiyasikia masharti yangu watanishukuru.

Hali yenyewe kila mwenye gari Dar es Salaam anaijua. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017, nao ndio unaokusanya ushuru wa maegesho. Zamani kijana aliacha karatasi kwenye kioo. Siku hizi anaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake, deni linaingia kwenye mfumo, nawe unalipa kwa simu. Saa moja shilingi 500. Mfumo huo ulipoanza 2021 zogo lilikuwa kubwa, maana hukuti tena karatasi, unakutana na deni tu. Mwishoni mwa mwaka ule ukusanyaji ukasitishwa kwa muda ili mambo yarekebishwe. Nilichogundua katika zogo lile ni kwamba watu waligombana na namna ya kudaiwa. Kama kinachodaiwa kinauzika au hakiuziki, hilo halikuulizwa na mtu barazani kwangu, isipokuwa mpwa wangu.

Hoja yake anaianzia mbali. Soko la Madina, Mtume (s.a.w.) aliliweka bila kodi. Sayyidna Umar anapokewa kuwa alilipa soko hukumu ya msikiti: aliyewahi mahali ni pake mpaka anyanyuke. Kisha anakuja kwenye Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho pwani yetu ya Kishafii imekisoma vizazi na vizazi. Marehemu baba alikuwa nacho, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, Nawawi anazungumzia njia ya watu. Manufaa yake ya asili ni kupita. Mtu anaruhusiwa kuketi hapo apumzike au afanye biashara maadamu hawabani wapitao, na wala hahitaji idhini ya mtawala. Anaweza hata kujitengenezea kivuli kwa mkeka. Akiondoka kwa nia ya kurudi, haki yake hubaki, mpaka akawie kiasi cha wateja wake kumzoea mwingine. Mimi hupenda sana kipengele hicho cha wateja. Aliyekiandika alijua soko.

Halafu anatoa kubwa lake. Al-Mawardi, kadhi wa Kishafii aliyefariki Baghdad mwaka 1058, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, anaeleza kwamba kuna kauli mbili juu ya mamlaka ya mtawala kwa watu waketio njiani. Moja inasema kazi yake ni kuzuia dhuluma na kuamua ugomvi, basi. Nyingine inampa nafasi ya kupanga, amketishe huyu na amwondoe yule kwa maslahi anayoyaona. Lakini kuchukua ujira kwa sababu wameketi, haruhusiwi.

"Umeona, shangazi? Kwa kauli zote mbili."

Nimeona. Nami sina elimu ya kumpinga Mawardi. Ninachouliza ni kama anayezungumziwa ndiye huyu aliyepaki mbele ya duka langu.

Hukumu ya Sayyidna Umar imesimama juu ya kunyanyuka. Mchuuzi wa tende Madina jua likizama anakunja mkeka. Aliyewahi safu ya kwanza msikitini ni yake kweli, na ni haramu kumwinua ukae wewe, lakini imamu akishatoa salamu safu inavunjika, na Alasiri kila mtu anawahi upya. Haki ya aliyetangulia ni haki nzuri kwa sababu ina mwisho, na mwisho wake unaletwa na mwili wa binadamu: unachoka, una njaa, unataka kwenda nyumbani.

Gari halichoki. Sisi wenye maduka tunafika kabla ya wateja, saa moja na nusu, saa mbili. Tunachukua nafasi za mbele, tunafunga milango ya gari, tunafungua milango ya duka, na mpaka jioni zile bati hazijasogea. Hakuna anayefanya dhambi ya kukusudia. Mteja aliyetoka Lubumbashi au Ndola kuja kuchukua marobota anazunguka na teksi yake Mkunguni, Sikukuu, Narung'ombe, anarudi palepale, na kila akizunguka anaongeza gari moja kwenye foleni ambayo sote tunailaani. Kirikuu iliyoleta mzigo inasimama katikati ya njia kwa kuwa kando hakuna pa kusimama. Kwa hali hiyo, ukiifuata kanuni ya aliyetangulia neno kwa neno, umegeuza njia ya watu kuwa milki ya watu wanaoamka mapema, na hao mara nyingi ndio wenye mali iliyo karibu nayo. Nawawi hakukusudia hivyo. Yeye alimpa haki mtu aliyepo. Sisi tunaidai kwa kuacha kitu na kuondoka.

Kwa hiyo ushuru naukubali kama njia ya kumnyanyua mtu. Kama ni kodi ya pango, siukubali, kwa sababu huwezi kumpangisha mtu kitu ambacho tayari ni chake na cha jirani yake. Fedha inayodaiwa iwe ya kumkumbusha kwamba kuna mwingine anangoja. Ikiwa hivyo, basi tozo isiyomnyanyua mtu imekosa sababu ya kuwepo. Na tozo yetu, nasema kama mtu wa mtaani, haimnyanyui mwenye duka. Anaihesabu pamoja na umeme na taka.

Hapa mpwa wangu alinirukia: basi unataka ipande, na ikipanda mwenye V8 hataumia, atakayeumia ni mwenye Vitz. Hii ndiyo hoja yake yenye uzito kuliko zote, na sijapata jibu la kuimaliza. Nilimwambia tu kwamba maskini wa mji huu hana hata hiyo Vitz. Yuko kwenye daladala nyuma ya hayo magari yanayozunguka kutafuta nafasi, au yuko Gerezani anasubiri mwendokasi, au anatembea. Tangu 2016 Barabara ya Morogoro imetenga njia za basi katikati, na watu walioona uchungu wakati wa ujenzi leo hawaulizi kwa nini mtu mmoja ndani ya gari asipite mle. Tumeshakubali mara moja kwamba barabara igawanywe kwa kuhesabu watu na siyo magari. Lakini yule kijana wa bajaji anayesimama dakika kumi kupakua, na yule mama aliyemleta mgonjwa Mnazi Mmoja kwa gari la kuazima, hao wananisumbua bado.

Juu ya kiasi, tulirudi tena kitabuni. Watu wa Madina bei zilipopanda walimwomba Mtume awapangie, akakataa, akalirudisha jambo la bei kwa Allah. Wafanyabiashara tunaipenda sana hadithi hiyo. Ila Ibn Taymiyya alitofautisha: bidhaa ikiwa mikononi mwa wachache na watu wana dharura nayo, hapo mtawala ana wajibu wa kuweka bei ya uadilifu. Sasa kando ya barabara muuzaji ni mmoja, naye ni mtawala mwenyewe. Hakuna soko linaloweza kumsahihisha. Hivyo shilingi 500 siyo bei, ni hukumu, na hukumu hudaiwa sababu. Kwa nini 500 wiki ya mwisho ya Ramadhani Kariakoo, na 500 hiyohiyo mwezi ambao hata mimi nafunga duka mapema kwa kukosa mteja?

Marekani alikuwapo profesa mmoja wa Los Angeles, Donald Shoup, aliyefariki 2025. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinene juu ya maegesho peke yake, jambo lililomchekesha mpwa wangu mpaka aliponisikia ninachokitoa humo. Shoup alisema bei ipande au ishuke mpaka kila mtaa uwe na nafasi moja au mbili wazi muda wote. Zikijaa zote, bei ni ndogo. Zikiwa nyingi tupu, ni kubwa. San Francisco walijaribu kuanzia 2011, wakapanga bei mtaa kwa mtaa na kwa saa za siku. Mitaa mingine ilipanda, mingine ikashuka, na kwa wastani bei ilipungua kidogo. Serikali inayoshusha tozo yake yenyewe kwa sababu mtaa umekuwa mtupu! Nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Kilichonivutia si werevu wake. Ni kwamba sababu ya bei inaonekana kwa macho. Mzee asiyejua kusoma anaweza kusimama kwenye kona, akaangalia kama kuna nafasi, akasema hawa wamehukumu sawa au wamehukumu vibaya. Shoup aliongeza kwamba fedha irudi palepale ilipotoka. Katika mji mkongwe wa Pasadena wenye maduka walikataa mita za maegesho mpaka walipoahidiwa kuwa mapato yatatengeneza mtaa wao. Mita zikawekwa 1993, njia za miguu zikajengwa upya. Sisi hatujui shilingi zilizokusanywa Msimbazi zimekwenda wapi. Pengine zimejenga barabara nzuri ya vijijini, na mtu wa kijijini ana haki. Lakini mtaro wa mbele yangu ukijaa mvua ya masika, kijana wa kimashine anaruka maji kuja kuandika namba.

"Huyo profesa ni wa madhehebu gani?" aliniuliza mpwa wangu. Nikamjibu kwamba maji ya masika hayaulizi madhehebu.

Kuna jambo moja ambalo tunakubaliana, na ndilo linaloniuma zaidi. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam. Sitajifanya mtakatifu: mlango wangu ulikuwa umezibwa na meza, na mteja alikuwa akiingia kwa ubavu. Walikuwa wamewabana wapitao, na kwa Nawawi mwenyewe hapo ruhusa inakoma. Lakini tazama aliyeondolewa ni nani. Ni mtu aliyeketi njiani anauza, ana mwavuli badala ya mkeka, na wateja wamemzoea. Yaani ni yuleyule ambaye hukumu yote ile iliandikwa kwa ajili yake. Gari moja linakalia mita za mraba kumi na mbili hivi, nafasi inayotosha meza sita za soksi na vitana. Meza tumeziambia njia si soko. Gari tumeliandikia bili.

Na gari likipanda njia ya miguu? Linabana kuliko meza, maana meza unaweza kuomba isogezwe. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani, mtu wa mkokoteni anashuka barabarani, kipofu anagonga bampa kwa fimbo yake. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo chuoni. Pale pesa haifanyi kitu. Ukimtoza aliyeziba mapito hujaondoa udhia, umechukua fungu lako ndani yake. Hapo nasimama na mpwa wangu bega kwa bega, na ningekuwa mimi mwenye mamlaka, baadhi ya nafasi zilizochorwa kwa ajili ya magari ningezifuta, nikazirudisha kwa waketio na mikeka yao, bure, kama Mawardi alivyosema.

Tulichobakiza kugombania ni Ijumaa. Kuanzia saa sita mitaa iliyo karibu na Msikiti wa Mtoro na wa Manyema hujaa mpaka safu ya pili ya magari inaifungia ya kwanza. Mpwa wangu anataka muda huo uachwe bure.

"Shangazi, utamtoza mtu anayekwenda kumsujudia Mola wake?"

Nikamwambia konda wa daladala humtoza kila Ijumaa, na sijasikia fatwa dhidi ya konda. Akasema nauli ni ujira wa kazi iliyofanywa, na anayesimama hakufanyiwa kazi yoyote. Alinibana, nikanyamaza kidogo nikikunja korija ya kanga zilizobaki. Anasema ataniletea Tuhfa ya Ibn Hajar, sharhe ya hiyo Minhaj, na amekwisha kuniambia kabla ya kuifungua kwamba mle nako ujira umekatazwa. Ailete. Nami nitataka kujua Ibn Hajar wake alimwona nani akikalia njia tangu asubuhi hadi Magharibi, na mwenyewe hayupo.