Picha hazikuungua

Mwaka 1999, kwenye harusi ya binti wa dada yangu kule Tanga, nilikataa katakata asiitwe mpigapicha wa studio. Ya nini kumlipa mtu wakati mjomba wa bibi harusi anayo kamera, tena si ya kubahatisha bali Zorki-4 ambayo marehemu baba alirudi nayo kutoka Moscow alikosomea? Nikanunua mkanda wa picha 36. Nje, wakati upande wa bwana harusi wanateremka kwenye basi na dufu zinapigwa, nikapiga picha tisa. Manyunyu yakaanza, nikafunika lenzi, nikaingia ndani. Sebuleni bibi harusi alikuwa ameketi na mumewe, mikono imejaa hina, mama zake wakubwa na wadogo wamewazunguka. Nikazipiga zote 27 zilizobaki kwa utulivu wa fundi, nikimwambia huyu asogee, yule ainue kidevu. Kifuniko sikukitoa.

Msomaji aliyezoea simu atashangaa: mtu anapigaje picha 27 asione giza? Kamera hizi ndivyo zilivyo. Ni zile ziitwazo renjifainda, ambazo jicho la mpigapicha halipiti kwenye lenzi hata kidogo. Lina kidirisha chake pembeni. Lenzi inaweza kuzibwa, kupasuka, hata kusahaulika nyumbani, na kidirishani dunia ikaendelea kung'aa kama kawaida. Mbele ya kamera pana vitundu viwili vilivyoachana sentimita chache, mfano wa macho. Katikati ya kidirisha kuna kiraka kidogo, na ndani yake unachokitazama kinaonekana mara mbili, kama aonavyo mwenye homa kali. Unazungusha lenzi, lenzi inasukuma kijiti kilicho ndani, kijiti kinasogeza kioo kidogo, na ile taswira ya pili inatambaa polepole hadi inalala juu ya mwenzake. Zikishikana, umbali umeupata. Pua ya bibi harusi ilishikana vizuri sana siku ile. Zorki kwa Kirusi maana yake ni mwenye macho makali.

Wiki iliyofuata fundi wa kusafisha picha aliuinua mkanda kwenye taa. Vipande tisa vya mwanzo vilikuwa na watu. Vilivyofuata vilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, bila hata kivuli cha sikio la mtu. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na wateja wengine: "Kaka, hapa ulifunika."

Nikarudi nyumbani nikawaambia picha zimeungua.

Waliokuwepo enzi za mikanda wanalijua neno hilo. Halimtaji mkosaji, lakini kila mtu anamjua: ni fundi. Mkanda huungua ukipigwa na mwanga mahali usipotakiwa kupigwa, na wangu haukuona hata cheche. Dada yangu alimlaani yule bwana kwa miaka, kila walipofungua albamu na kukuta baada ya basi na dufu hakuna kitu. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Ningekaa na hilo hadi kaburini kama nisingekutana na watu wa kwa fundi saa. Ana kibanda Kariakoo, meza ya kioo iliyojaa saa za mkononi zisizotembea, na ndiye mmoja wa wachache ninaowajua jijini ambaye bado anaweza kuifungua kamera ya chuma na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani. Nilimpelekea Zorki miaka sita iliyopita, shata imekwama. Swali lake la kwanza lilikuwa kama niligeuza kirungu cha kasi kabla ya kuvuta mkanda. Nikakiri. Kwenye Zorki hilo ni mwiko: unavuta kwanza, ndipo unachagua kasi, la sivyo unaharibu. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba yeye mwenyewe aliiharibu ya mtu kwa njia hiyohiyo alipokuwa mwanafunzi wa kazi.

Jumamosi jioni huwa tunakuwa watano au sita pale, kwenye benchi na ndoo zilizogeuzwa. Yupo mzee aliyestaafu reli mwenye Yashica Electro 35. Betri iliyoundiwa kamera ile ilikuwa ya zebaki na haitengenezwi tena, kwa hiyo anapanga vijibetri vinne vya siku hizi ndani ya bomba la karatasi ngumu na kuvisukuma kwa springi ya kalamu. Taa zinawaka, kamera inapima mwanga kama ilivyotoka Japani. Yupo kijana wa chuo mwenye Canonet. Na yupo daktari mwenye Leica M3, ya mwaka 1954, mwaka ule ule M3 ilipotoka kwa mara ya kwanza. Tunamtania kwamba shingoni amening'iniza bodaboda. Lakini akikuazima uchungulie, utani unakwisha. Fremu imechorwa ndani ya kidirisha kwa mstari wa mwanga, ukibadilisha lenzi inabadilika yenyewe, ya milimita 50, 90 au 135, na kwa lenzi hizi ndefu nje ya mstari unaendelea kuona. Mtoto anayekuja mbio unamwona kabla hajaingia kwenye picha, kama uonavyo mgeni kutoka barazani hajafika kizingitini.

Mabishano yetu mengi ni ya nasaba. Siku moja daktari alifunga Jupiter-8, lenzi yangu ya Kirusi, kwenye Leica yake kwa pete ya kuunganishia, akalalamika kwamba karibu inakosa, macho ya mtu hayashiki ila masikio. Ni kweli, lenzi hizi zikiwekwa kwenye Leica hukosea kidogo kwa kitu kilicho karibu. Nikamwambia asidharau ukoo. Jupiter-8 kwa asili ni Sonnar, kazi ya Ludwig Bertele kwa kampuni ya Zeiss, na baada ya vita Wasovieti walichukua Ujerumani mashine, michoro na hata vioo vyenyewe kama fidia. Kamera nayo ina hadithi yake. Mwaka 1934 huko Kharkiv, vijana wa makazi ya watoto waliokuwa wakilala mitaani, makazi yaliyoongozwa na mwalimu Anton Makarenko, walianza kutengeneza nakala ya Leica II. Wakaiita FED, herufi za kwanza za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Mwaka 1948 kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, kikaanza kutoa Zorki kwa kuiga FED. "Basi hii ya baba yako," akasema mzee wa reli, "ni mjukuu wa Leica, ila wa nje ya ndoa." Tangu hapo ndilo jina lake pale kibandani: mjukuu.

Wapo waliopita pale wakakaa mwezi mmoja na kutoweka. Wengi wao walikuwa hodari wa kutaja majina ya lenzi na bei zake, na walileta picha nzuri tu. Sina neno na picha nzuri. Lakini nimegundua kwamba meza ya fundi haiendeshwi na picha nzuri. Zikipita mkono kwa mkono, watu husema mashallah, na mazungumzo yanafia hapo. Mtu akileta mkanda ulioharibika ndipo ndoo zinasogezwa karibu.

Mzee wa reli ndiye aliyenifungua. Kwao Kigoma. Alisimulia, bila kuulizwa na mtu, kwamba mara ya mwisho kuonana na baba yake alimpiga picha siku nzima: akitengeneza nyavu, akinywa uji, akisali. Mkanda haukuwa umeshika kwenye kigurudumu. Kamera ikahesabu moja hadi 36 huku mkanda umelala palepale ulipowekwa. Baba akafariki miezi minne baadaye. Hakuna aliyempa pole, maana alikuwa hajaleta msiba, alikuwa anamfundisha yule kijana wa Canonet. "Ukivuta, tazama kirungu cha kushoto," alimwambia. "Kikitulia, ujue unapiga hewa." Kijana hupiga jicho kirungu hicho kila anapovuta. Baba wa mzee, ambaye hatukumwona hata kwenye picha, yuko ndani ya tabia hiyo.

Kuvu ndiyo adui yetu wote wa pwani. Joto na unyevu wa Dar huipanda ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na ikikaa sana hula kioo, ukaisafisha na alama zikabaki. Kila mtu ana dawa yake. Mimi nilikuwa nikihifadhi lenzi kwenye kopo la mchele hadi fundi aliponionyesha vumbi la mchele lililoingia kwenye nyuzi za kuzungushia. Sasa nakusanya vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Daktari ametundika balbu ndani ya kabati. Na hata wakubwa wa kazi hii hawakupona. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye jina lake halitengani na Leica, alikwenda Côte d'Ivoire mwaka 1931, akaugua homa ya maji meusi nusura afe, na aliporudi kwao akakuta picha nyingi alizopiga zimeharibiwa na kuvu. Huwa nampenda zaidi kwa safari hiyo kuliko kwa picha zake zote mashuhuri. Baada ya hapo ndipo alipoiona picha ya Mhungaria Martin Munkácsi, ya wavulana watatu wanaokimbilia majini migongo ikitupa mwanga, ikamwingia, na mwaka 1932 akaipata Leica yake ya kwanza huko Marseille.

Picha hiyo kwa miaka mingi imeitwa ya Ziwa Tanganyika. Wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Pale kibandani usiseme hivyo mbele ya mzee wa reli. Daktari alijaribu, akamwonyesha mawimbi: ziwa gani lina mawimbi haya? Mzee akamtazama kwa huruma. "Hujaliona ziwa likiamka na upepo wewe," akasema, na suala likafungwa.

Jumamosi moja baada ya hadithi ya Kigoma nikasema la kwangu. Basi, dufu, manyunyu, kifuniko, pua iliyoshikana vizuri. Walicheka hadi muuza kahawa akaja kuuliza kulikoni. Kijana alitaka kujua nilimwelekeza nani ainue kidevu. Fundi alicheka kidogo kuliko wengine. Alipomaliza kufuta miwani akauliza: "Na yule msafishaji, ulimwendea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelisimulia lote kama kosa la kamera, na yeye akaona lilikoendelea.

Nilikwenda Tanga likizo iliyofuata. Palipokuwa na duka lake wanauza makava ya simu. Kijana aliyekuwepo hakumjua mtu wa namna hiyo, wala hakujua kwamba hapo nyuma, anapotunza ndoo na fagio, palikuwa na mashine kubwa ya kusafishia picha na bwana mmoja mpole aliyeshusha sauti ili mteja wake asiaibike. Niliuliza kwa jirani fundi cherehani. Alihama, akasema, zamani. Kwenda wapi, hakuna ajuaye.

Jioni nikapitia kwa binti wa dada. Ana watoto watatu, mkubwa ananipita kimo. Nikaomba albamu iletwe, kwa sababu sikujua pengine pa kuanzia. Tukafika kwenye basi, tukafika kwenye dufu, tukafika kwenye karatasi tupu ambazo dada yangu hakukubali zijazwe picha nyingine. Nikamwambia hazikuungua, nikamwambia na kilichotokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, hata kulia kwake.

"Lakini mjomba," akasema, "kile kifuniko mimi nilikiona. Kilikuwa cheusi, kimenikabili usoni muda wote. Nilidhani ndivyo zinavyopigwa za Kirusi."

Akafunga albamu, akageuka kuelekea jikoni. "Mama! Njoo umsikie kaka yako."