Je, Ufundi ni Adhabu ya Mtoto Aliyeshindwa Shule?

Kila mwaka, matokeo ya shule yatangazwapo, swali moja huulizwa katika nyumba nyingi za Mudaka: mtoto huyu apelekwe wapi? Swali hilo si dogo. Mudaka iko kando ya barabara kuu itokayo Bukavu kwenda Kavumu, katika nchi ya Kabare, na watu wake wengi huishi kwa shamba na kwa soko. Ada ya shule hutoka katika muhogo, maharagwe na ndizi zilizobebwa mgongoni mwa mama. Ndiyo maana wazazi hutaka kujua fedha hiyo itazaa nini.

Mtoto aliyepata alama nyingi hupangiwa sayansi, au Kilatini, au ualimu. Aliyepata alama chache huambiwa: "Wewe nenda ushonaji. Wewe nenda useremala." Na maneno hayo husemwa kwa sauti ileile ya mtu afukuzaye mbuzi shambani. Jirani akiuliza habari, mama huinamisha uso. Mtoto naye hujifunza siku ile, kabla hajashika randa wala sindano, kwamba kazi yake ni kazi ya walioshindwa.

Je, jambo hilo ni haki mbele ya Mungu na mbele ya watu? Ili kujibu vema, lazima kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuwagawa watoto kwa masomo, na kuwadharau.

Kugawa si dhambi

Mama avunapo maharagwe huyagawa mafungu matatu: ya mbegu, ya chungu na ya soko. Hasemi kwamba yaliyotiwa chunguni yamelaaniwa. Nyumba hula kwa fungu moja, hununua chumvi kwa fungu la pili, na msimu ujao hupanda kwa fungu la tatu. Vivyo hivyo Mwenyezi Mungu hakuwapa watu wote kipaji kimoja. Mmoja hukumbuka yote aliyoyasoma. Mwingine hutazama ubao wa mti akaona kiti ndani yake. Mwalimu atambuaye tofauti hizo hafanyi ubaya, bali hutimiza kazi yake.

Lakini mfano wa maharagwe una mpaka wake, kwa maana mtoto si punje. Punje ikishawekwa katika fungu lake, imekwisha, mtoto hukua. Yuko aliyekuwa mzito alipokuwa na miaka 12, na akili yake ikafunguka alipofika miaka 16. Yuko aliyepata alama mbovu si kwa ujinga, bali kwa kuwa alikuja shuleni na njaa, au alirudishwa nyumbani mara nyingi kwa ajili ya ada, au vita viliifunga shule yake. Alama hupima kazi ya siku ya mtihani; hazimpimi mtu.

Kwa hiyo mgawanyo wa haki una dalili mbili. Ya kwanza, hutazama kipaji cha mtoto, wala si aibu ya wazazi. Ya pili, huacha mlango wazi, ili aliyekwenda huku aweze kurudi kule. Mgawanyo usio na dalili hizo, hata ukiitwa mpango wa shule, ni hukumu.

Aibu hii ilitoka wapi?

Wako watu wawalaumuo wazazi na kusema: wanapenda makuu. Lawama hiyo ni ya haraka mno. Aibu hii ina mizizi yake, na mizizi hiyo iko mbali.

Zamani, kabla ya shule, jembe na mundu vilitoka mikononi mwa mhunzi, na bila yeye shamba lilikaa bure. Kisha ukaja utawala wa wageni. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilipatana na Kiti cha Papa kwamba misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule ambamo zitafundisha pia kilimo na kazi za mikono. Kazi zenyewe zilikuwa njema. Lakini katika nchi ile Mzungu aliamuru, na Mwafrika akabeba. Ndivyo kazi ya mikono ilivyoanza kufanana na alama ya kutawaliwa.

Mwaka 1938 Mapadri Wayezuiti walifungua mjini Bukavu, ulioitwa wakati ule Costermansville, shule ya sekondari ambayo leo yaitwa Alfajiri. Ilifunguliwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Mwaka 1948 ukatoka mpango mpya wa shule za Waafrika. Baada ya miaka miwili ya kwanza watoto waligawanywa. Wachache walichaguliwa kuingia madarasa ya miaka minne, yaliyofungua njia ya sekondari. Walio wengi walitiwa katika madarasa ya kawaida ya miaka mitatu, yaliyowatayarisha wabaki kijijini. Wasichana walifundishwa hasa kushona, kupika na kutunza nyumba. Aliyetoka katika kundi la wachache aliweza kuwa karani, mwalimu, msaidizi wa daktari au padri. Aliyebaki katika kundi la wengi alirudi kwenye jembe, na kwenye mazao ya lazima yaliyoamriwa na Serikali. Hata hao wachache njia yao ilikuwa nyembamba: Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Basi wazee walijifunza somo moja: kalamu humwondoa mtu chini ya kiboko, na jembe humrudisha. Hawakuliota ndotoni, waliliona kwa macho. Mzazi wa leo aogopaye shule ya ufundi amerithi hofu ya babu yake, na hofu hiyo haikuwa upumbavu.

Lakini utawala ule umekwisha. Mwaka 1964 nchi iliunda INPP, taasisi ya taifa ya kuwatayarisha watu kwa kazi. Mwaka 1967 ulianzishwa Mtihani wa Serikali kwa wanaomaliza sekondari, na mwanafunzi wa sehemu ya ufundi aweza kupata diploma ya Serikali sawa na mwenzake wa Kilatini. Hakuna tena mgeni asimamaye mlangoni akiwatenga wana wa nchi. Awagawaye watoto kwa dharau sasa ni baba yao, mjomba wao na mwalimu wao. Hofu yaweza kurithiwa bila kosa. Dharau mtu huichagua mwenyewe.

Pingamizi mbili

Mtu atasema: "Mwenye kalamu hula, fundi hulala njaa. Shida si dharau. Shida ni tumbo."

Jibu ni hili. Kwanza, si kweli siku zote. Wako wenye diploma ya ualimu walioingoja nafasi miaka mingi, na wako walimu waliofundisha bila mshahara wa Serikali, wakiishi kwa mchango wa wazazi. Pili, pale ambapo fundi ana njaa kweli, yafaa kuuliza ni nani aliyemnyima chakula. Baba mmoja huagiza mlango. Fundi hununua mbao kwa fedha yake, hupiga randa siku mbili, huuleta mlango. Baba husema: "Fundi, rudi Jumamosi." Jumamosi husema: "Rudi mwisho wa mwezi." Fundi hurudi mara tano kudai jasho lake, akiomba kama mwombaji. Baba huyo asingethubutu kumwambia daktari wa hospitali arudi Jumamosi. Kisha jioni, mbele ya mlango ule ambao hajaulipia, humwambia mwanawe: "Usiwe fundi, mwanangu, mafundi ni maskini." Umaskini huo yeye ni mmoja wa wautengenezao.

Katekismu huhesabu kumnyima mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazomlilia Mungu. Mkatekumeni aliyeishika orodha hiyo kwa moyo asidhani kwamba yawahusu matajiri wenye mashamba makubwa tu. Yamhusu pia mwenye mlango mmoja.

Mtu wa pili atasema: "Wakubwa husifu nyundo na cherehani mbele ya watoto wa wengine, lakini watoto wao huwapeleka chuo kikuu." Pingamizi hilo lina ukweli, wala lisifichwe. Sifa ya namna hiyo ni mgawanyo wa 1948 uliovikwa nguo mpya. Asemaye kwamba ufundi ni mwema na aonyeshe kwa matendo. Shule ya useremala ipewe randa na misumeno. Ya ushonaji, vyerehani. Na zote zipewe walimu wanaoijua kazi. Shule ya umakanika isiyo na injini hata moja haimfundishi mtoto umakanika. Humfundisha kuchora injini katika daftari. Mzazi akikataa shule ya namna hiyo, hakuudharau ufundi. Waliouacha ufundi ufundishwe hivyo ndio walioudharau.

Seremala wa Nazareti

Injili ya Marko yasimulia kwamba Yezu aliporudi kwao na kufundisha katika sinagogi, watu walistaajabu, kisha wakachukizwa, kwa sababu walimjua kuwa ni seremala. Hawakuona kosa katika mafundisho yake. Waliona kosa katika mikono yake. Na dharau ile iliwapa hasara wao wenyewe, kwa maana hakufanya miujiza mingi mahali pale. Mtume Paulo naye alisoma Sheria kwa Gamalieli, mwalimu mwenye sifa kubwa. Lakini huko Korinto alitengeneza mahema pamoja na Akwila na Priskila. Elimu na ufundi vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliitenga tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili heshima hiyo isisahauliwe.

Wala haihitajiki kwenda mbali. Kongo ina Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana msaidizi wa waashi huko Mbandaka, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye, akiwa mtumishi katika shamba la Wazungu, alipigwa vibaya kwa sababu ya imani yake. Alimsamehe aliyempiga, na akafa kwa majeraha yale tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Waamini waombao msaada wake hawaulizi alisoma darasa gani.

Mfano huo usieleweke vibaya. Kutojua kusoma si utakatifu. Fundi ahitaji hesabu ili apime, na kusoma ili aelewe mapatano anayoyatia sahihi. Asiyejua hayo huibiwa na wajanja. Shule ya ufundi imfaayo mtoto ni ile imfundishayo mikono bila kumfungia kitabu.

Mambo yapasayo kutendwa

Wazazi wasiutumie ufundi kama kitisho. Amwambiaye mtoto, "Usiposoma utakuwa mwashi," amemtukana mwashi aliyeijenga nyumba yao, na mtoto amesikia. Mtoto mwenye alama nyingi apendaye chuma au mbao asizuiwe kwa ajili ya fahari ya ukoo. Na binti asitiwe ushonaji kwa sababu tu ni binti, wala asikatazwe umeme kwa sababu hiyohiyo.

Walimu wasiigeuze sehemu ya ufundi kuwa jalala la kutupia wasiotakiwa. Kabla ya kumpangia mtoto njia, na wamwulize yeye mwenyewe, tena waulize kwa nini alama zake zilishuka.

Mafundi nao wana wajibu. Apokeaye fedha ya kwanza kisha akajificha, au atiaye mbao mbichi mahali pa mbao kavu, huilisha dharau kwa mikono yake. Kazi safi, iliyomalizika siku ya ahadi, huutetea ufundi kuliko maneno mengi.

Kijana aliyepelekwa ufundi bila kupenda asidhani maisha yake yamefungwa. Na ajifunze kazi hiyo kikamilifu kwanza; huenda akaipenda. Asipoipenda, itamlipia ada ya njia nyingine.

Nao wote wenye deni kwa fundi wa mlango, wa nguo au wa ukuta, na walipe kabla ya Jumapili ijayo.

Matokeo ya shule yatatangazwa tena, na karatasi itasomwa tena mbele ya mtoto. Baba mwenye hekima hatapiga kelele siku ile. Atamchukua mtoto wake, atembee naye kando ya barabara ya Mudaka, wasimame kwa seremala, kwa mshonaji, kwa mtengenezaji wa pikipiki, kisha wapite shuleni kwa mwalimu. Kila mahali atauliza kwa heshima kazi hiyo hujifunzwa vipi, kwa miaka mingapi, na humlisha mtu namna gani. Naye mtoto, akisikia sauti ya baba yake haibadiliki kutoka kwa mwalimu hadi kwa seremala, ataweza kuchagua bila aibu.