Hiari ya Asiye na Kibanja

Wazee wenzangu wana swali wanalopenda kuulizana, iwe kwenye rubisi au tunaporudi mazikoni: mabinti wa siku hizi wamekosa nini hata wakajitupa hivi kwa wanaume? Huulizwa kwa sauti ya mtu ambaye jibu tayari analo. Maadili yamekwisha, mila zimetupwa, simu zimeharibu watoto. Basi bilauri hujazwa tena na mazungumzo huhamia kwenye bei ya kahawa. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka karibu arobaini, Muleba kwanza na Bukoba baadaye, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Katoke, na nyingi kati ya hizo nilikuwa mwalimu mkuu. Jibu hilo halinitoshi, na hapa nitajaribu kueleza sababu.

Sisemi kwamba maadili si kitu. Nimeyafundisha, na ningeyafundisha tena kesho. Lakini naona kuna swali linalotangulia: ili mtu aweze kukataa, yampasa awe na nini? Tunapomsifu aliyekataa, au kumlaumu aliyekubali, tunachukulia kwamba mbele yake palikuwa na njia mbili. Mwenye kufunga na mwenye njaa wote matumbo yao ni matupu, lakini hatuwaiti kwa jina moja. Wa kwanza ana chakula ndani, naye ameamua kukiacha. Wa pili hana cha kuacha. Sasa yule wa pili akinyoosha mkono kwenye sahani ya jirani, tutasema ni ulafi?

Mkoa wetu ulilipia swali hili mapema kuliko mikoa mingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivushwa kutoka Uganda katika miaka iliyofuata vita vya 1978 na 1979. Mwaka 1987 watafiti walipopima damu za watu wazima mkoani, katika mji wa Bukoba karibu mmoja kati ya wanne alikutwa na virusi, yaani asilimia 24. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe asilimia 4.5, na Biharamulo na Ngara asilimia 0.4 tu.

Ndugu msomaji, zitazame tarakimu hizo kwa makini. Anayesema kwamba umaskini ndio unaoleta ugonjwa hana budi kueleza kwa nini Ngara na Biharamulo, ambako watu hawakuwa na fedha za kutushinda sisi wenye kahawa na biashara, walikuwa salama kiasi hicho wakati sisi tunazika kila wiki. Najua kwamba mpaka, barabara na vita vilikuwa na sehemu yao. Lakini hata hivyo umaskini peke yake haumwambukizi mtu. Kijiji kizima kikiwa maskini sawasawa, hakuna wa kumnunua mwingine. Hatari huanza pale mwenye fedha na asiye nazo wanapokutana kwenye njia moja, na mmoja wao ana miaka kumi na mitano.

Tena umaskini wa kwetu una jambo ambalo mgeni halioni upesi. Mgeni huona nyumba ya bati, migomba, mibuni, pengine redio na baiskeli, naye huandika kwamba hii ni kaya yenye nafuu. Haulizi ni cha nani. Kibanja ni cha ukoo, nacho hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa wana wa kiume. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliandika hivyo hasa: mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hana ruhusa ya kuiuza. Fedha ya kahawa ni ya baba. Mama ana maharage yake chini ya migomba, na njugumawe zake kule rweya. Binti hana hata hizo. Anahesabiwa kuwa mpita njia, kwa sababu ataolewa. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile ile ambayo mgeni ameiandika kuwa na nafuu, yumo maskini kabisa, na kila jioni ndiye anayeteka maji.

Kuna habari ambayo wazee hawapendi itajwe. Tangu miaka ya 1930 wanawake kutoka Buhaya walipanda meli wakaenda Kampala na Nairobi kufanya umalaya, na wanaume wa kwao waliokuwa mijini waliona aibu kiasi cha kuitaka serikali ya kikoloni iwarudishe nyumbani. Aibu hiyo imehadithiwa sana. Ambalo halihadithiwi ni kile ambacho wengi wao walifanya na fedha. Walirudi wakanunua vibanja. Kibanja cha kununua si cha ukoo. Mwenyewe aweza kukiuza au kumwachia amtakaye. Sisemi kwamba walifanya vema. Nasema kwamba waliona kwa macho makavu kitu walichonyimwa, wakakinunua kwa fedha pekee waliyoweza kuipata. Lau ingekuwa ni tamaa tu, fedha ile ingeishia kwenye kanga na pombe.

Miaka sitini baadaye jambo hilo hilo lilifika mahakamani. Mwanamke mmoja wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa anazeeka na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akashitaki, na mahakama ya mwanzo ikatengua mauzo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba, kwa Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, mwanamke ana haki ya kuuza ardhi hiyo sawa na mwanamume. Wanasheria wa nchi nyingi wanaijua hukumu hiyo. Vijijini kwetu nimekutana na wachache sana waliopata kuisikia.

Nitataja kisa kimoja tu, ingawa ninavyo vingi. Mwaka 1992 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la sita ambaye wazazi wake walikuwa wamefariki, wakipishana kwa miezi minane. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulikuwa umevunjika mwaka 1989 na bei ilikuwa imeanguka, hivyo hata zile familia ambazo zingeweza kusaidia zilikuwa zinahesabu senti. Baba mdogo alichukua kibanja, kwa maneno yake, kukitunza. Binti na wadogo zake wawili wa kiume wakahamia kwa bibi yao mzaa mama, ambaye hakuwa na zaidi ya migomba michache iliyoliwa na bungua. Muhula wa pili binti alianza kuja na viatu. Kisha sabuni ya kunukia. Katika ofisi ya walimu wakasema ameanza kuharibika. Mwanamume alijulikana, mnunuzi wa kahawa mwenye pikapu, mtu wa kusalimiwa kwa kuinama. Hakuna aliyesema kwamba yeye ameharibika.

Mimi niliona jambo jingine. Wadogo zake nao walikuwa na madaftari mapya, na hawakurudishwa tena nyumbani kwa kukosa michango. Nilimwita tukaongea. Nilitarajia machozi. Aliniangalia akaniambia, "Mwalimu, hakuna aliyenilazimisha."

Maneno hayo nimeyabeba kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni rahisi kusema kwamba hakujua alichokuwa anasema. Alijua vizuri. Alikuwa mwerevu wa hesabu, naye alikuwa amepiga hesabu: madaftari, sare mbili, mafuta ya taa, chumvi, na bibi asiyeweza tena kulima. Upande wa pili aliweka kitu pekee ambacho hakuna baba mdogo aliyekuwa amekichukua kukitunza. Kumwita mjinga ni kumtukana, na kumwita mhuni ni kumtukana mara mbili. Lakini kusema kwamba alikuwa huru, eti kwa kuwa hakufungwa kamba, nako ni kusema uongo. Hakulazimishwa na yule mwanamume, ni kweli. Alilazimishwa na watu waliofika kwenye matanga ya baba yake wakagawana miti, na hakuna hata mmoja wao aliyedhani kwamba ametenda jambo lenye uhusiano na tendo la ndoa.

Alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 21. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Wadogo zake walimaliza shule. Mmoja ni bwana shamba. Walipokua, ukoo uliwarudishia kibanja cha baba yao, kwa sababu wao walikuwa wanaume.

Wapo wasomi waliopima mambo ya namna hii kwa utaratibu. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakarudi mwaka 2004 kuwatafuta watu wale wale. Walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipoteza kwa wastani mwaka mmoja wa shule na sentimita 2 za kimo, na hasara hiyo haikufidika hata utu uzimani. Nyumba aliyotoka mtu imeandikwa hadi katika mifupa yake. Sisi tunataka tabia yake iwe ndiyo pekee iliyosalimika.

Mzee mmoja tunayeheshimiana hunijibu kwamba wapo mabinti maskini, tena yatima, ambao hawakujiuza. Ni kweli, na ni wengi kuliko wale wengine. Nami nimewatazama hao kwa makini, kwa sababu hoja yake ni nzito. Karibu kila mmoja alikuwa na kitu nyuma yake. Huyu alikuwa na shangazi aliyeuliza umetoka wapi, na aliyeuliza alikuwa na uji jikoni. Yule alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, akauza mtoto wa mbuzi wakati wa kununua sare. Mwingine alisaidiwa ada na watu wa Huyawa, huduma ya watoto ya Kanisa la Kilutheri. Hata msimamo wenyewe mtu huurithi, kama kibanja, na hauota kwenye ardhi isiyo na mtu. Wapo pia mabinti wa nyumba zenye fedha walioangamia, kwa sababu baba alikuwa mlevi na mama alikuwa bubu kwa hofu. Kwa hiyo simwondolei binti wajibu wake. Ninachokataa ni kumpimia wajibu kwa kibaba kile kile tunachompimia mtu mwenye mahali pa kurudi.

Vijana wa kiume nao wasisahauliwe. Waliofiwa na baba, au ambao baba aliuza kila kitu, wengi walikwenda visiwani Goziba na Bumbire kuvua dagaa na sangara. Kule fedha hupatikana alfajiri na kwisha usiku. Wazee huita ujinga. Kwangu ni fedha isiyo na mtu anayeisubiri nyumbani, na fedha ya namna hiyo haikai mfukoni mwa kijana wa miaka kumi na minane.

Taarifa tulizokuwa tukipeleka wilayani kuhusu wanafunzi walioacha shule zilikuwa na safu: utoro, mimba, kifo, sababu nyingine. Chini ya mimba niliandika majina ya mabinti. Fomu haikuwa na safu ya jina la mwanamume. Nilihudhuria semina nyingi za maadili kwa wanafunzi; kamwe sikualikwa kwenye semina ya maadili ya wanunuzi wa kahawa. Baadaye redio zikaleta kampeni ya Fataki, watu wakacheka, na jina hilo likabaki kama utani wa mitaani. Siku hizi anaweza kuwa mwenye bodaboda anayetoa lifti, au mwenye duka anayekopesha vocha ya simu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, kati ya wenye umri wa miaka 15 hadi 24, asilimia 2.1 ya wasichana walikutwa na virusi, na asilimia 0.6 ya wavulana. Wavulana wa rika lao ni wachache mno kuwa ndio waliowaambukiza wote. Kuna watu wazima katika hesabu hiyo, na safu yao bado haijachorwa.

Yapo yaliyobadilika, na nisiyaseme kwa kunung'unika. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali iliruhusu mabinti waliojifungua warudi darasani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwanamke. Lakini sheria haikai kwenye matanga, na kwenye matanga ndiko tunakogawana.

Mwaka jana yule mzee tunayebishana naye alifanya jambo ambalo hakunieleza kabla. Aliita mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi, akagawa kibanja cha ukoo mara tano, vipande vitatu kwa wanawe na viwili kwa binti zake, na kila kipande kikaandikwa. Nilipomuuliza alisema tu kwamba amechoka kubishana nami. Wanawe hawajamsalimia tangu Pasaka. Binti mdogo, mwenye miaka kumi na tisa, amekwisha kupanda vanila kwenye kipande chake, na msimu ukikaribia hulala nje na panga, kwa ajili ya wezi.