Deni la Anayejitolea

Husemwa kwamba asiyelipwa hadaiwi. Kijana wa chuo kikuu anayetumia likizo yake kufundisha mambo ya dunia katika sekondari za Bukoba na Muleba hapokei mshahara. Akiondoka kabla ya kumaliza mada, nani atamhoji? Wengi wetu hutosheka kumshukuru kwa kidogo alichotoa. Mimi naona shukrani ya namna hiyo inampunja mwanafunzi.

Kwetu Kagera mambo ya dunia si habari za mbali. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu hadi Mto Kagera. Julai 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na mkulima ambaye hajawahi kuiona London akaumia kibanjani mwake. Aprili 1994 maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda walivuka Rusumo wakaingia Ngara. Haya watoto huyasikia nyumbani. Mtoto anapouliza kwa nini jirani humuua jirani, hatafuti alama za mtihani tu. Anataka kujua namna ya kuishi na watu.

Anayelipokea swali hilo ameingia deni. Mtoto naye ametoa kitu: muda wake na imani yake. Ahadi ni deni, na kusimama mbele ya darasa ni ahadi, hata kama hapana mkataba uliotiwa sahihi. Kujitolea huondoa mshahara, hakuondoi wajibu.

Deni hilo halimtaki kijana ajue kila kitu. Linamtaka aandae somo, akubali kusema “sijui”, kisha arudi na jibu. Atenganishe tukio na maoni yake. Na awasikilize wazee, maana msomi wa Umoja wa Mataifa huenda hajui yaliyotokea Kyaka. Kama ana wiki sita, achague mada ya wiki sita.

Mtu atasema kwamba tukiwabana hivyo hawatakuja. Huenda wengine wasije. Lakini mkuu wa shule naye ana deni: asimfanye kijana huyo kiziba pengo la mwalimu wa kuajiriwa, wala asimwache peke yake darasani. Tukidaiana hivyo, ndipo tutakapokuwa tumemheshimu anayetoa pamoja na anayepokea.